Nguo za Mjumbe: Namna ya Kupanga Begi la Mkononi Bila Nguo Kukunjamana



Ndugu zangu katika imani, mara kwa mara baadhi yetu hutoka Bujumbura kwa kazi za jumuiya au za masomo. Mmoja anakwenda mkutano wa vijana Arusha, yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ambayo nchi yetu ilijiunga nayo mwaka 2007. Mwingine anakwenda kwenye usaili Chuo Kikuu cha Kiislamu Uganda, kule Mbale, au Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro. Aliyetumwa huwa na begi moja tu, na mara nyingi anaingia ukumbini saa chache baada ya kushuka, hana pasi wala mahali pa kuichomeka. Darsa letu la leo ni namna ya kuingia ukumbini na nguo zilizonyooka.

Dini inasemaje?

Wapo wanaoona mazungumzo ya nguo ni ya kidunia tu. Tuangalie mapokezi matatu.

La kwanza amelipokea Muslim kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipokemea kiburi, mtu mmoja aliuliza juu ya anayependa nguo na viatu vyake viwe vizuri. Akajibiwa kwamba Allah ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

La pili limo katika Bukhari na Muslim. Umar (r.a.) aliona nguo ya hariri ikiuzwa mlangoni mwa msikiti, akamshauri Mtume (s.a.w.) ainunue aivae siku ya Ijumaa na anapopokea wajumbe. Mtume (s.a.w.) aliikataa kwa sababu ya hariri. Wanazuoni wanatuonesha kwamba hakulikataa lile wazo la kujipamba kwa ajili ya wajumbe.

La tatu amelipokea Abu Dawud. Ali (r.a.) alimtuma Ibn Abbas (r.a.) kwenda kuzungumza na Makhawarij. Ibn Abbas akavaa nguo nzuri kabisa za Yemen. Walipomhoji juu ya vazi hilo, aliwajibu kwamba yeye alimwona Mtume (s.a.w.) katika mavazi mazuri kabisa.

Zingatieni hilo la tatu. Yule alikuwa mjumbe, na alikwenda kwa watu waliokuwa tayari kumtafutia kasoro. Aliyetumwa hubeba sura ya waliomtuma, kwa hiyo kuandaa nguo zake ni sehemu ya amana. Wala hakuna aliyesema ukope pesa ununue suti mpya. Kanzu ya miaka mitatu iliyonyooka inatosha.

Kwa nini nguo hukunjamana?

Ukiijua sababu, hutahitaji kukariri kanuni. Uzi wa pamba umeundwa na chembe ndefu zilizoshikana kwa vifungo dhaifu. Unyevu na joto huvilegeza vifungo hivyo. Nguo ikiwa imekunjwa na kugandamizwa wakati huo, vifungo hushikana upya katika hali ile ya kukunjwa, na mkunjo unabaki. Pasi hutumia njia hiyo hiyo kwa upande wa pili: joto na mvuke hulegeza, uzito hunyoosha.

Basi maadui ni watatu: mkunjo mkali, mgandamizo, na unyevu. Kila hatua inayofuata inampiga mmoja wao.

Kuchagua kabla ya kupanga

Kitani hukunjamana kuliko vyote, kisha pamba tupu. Sufu hujirudi yenyewe ikitundikwa, na poliesta, au pamba iliyochanganywa na poliesta, huvumilia safari. Ndiyo maana abaya nyingi za dukani hufika salama, na kanzu ya pamba nzito hufika imechoka. Jaribu hivi: kamata pindo la nguo, lifinye kwenye ngumi kwa sekunde kumi, uachie. Likibaki na alama kali, nguo hiyo ivae siku nyingine.

Piga hesabu ya uzito pia. Ethiopian Airlines huruhusu kilo 7 za begi la mkononi kwa daraja la kawaida, na Kenya Airways kilo 12. Soma tiketi yako kabla ya kupanga. Nguo nzito na viatu vizito vivae mwilini. Anayepitia Nairobi mwezi wa saba atalishukuru koti lake, kwani mji ule uko juu, kwenye takriban mita 1,800, na sisi tumezoea joto la ziwani.

Hatua za kupanga

Kwanza, nguo iwe kavu kabisa. Ukitoka kupiga pasi, itundike saa moja ipoe ndipo uikunje. Nguo yenye joto la pasi ikikunjwa huchukua alama haraka. Kwa sababu umeme wetu hukatika, piga pasi siku mbili kabla, usingoje usiku wa safari. Nyumbani kwetu Buyenzi pasi ya mkaa bado ipo kabatini kwa ajili hiyo.

Pili, viatu na vitu vizito vikae upande wa magurudumu, ndani ya mfuko wa kitambaa. Begi likisimama, uzito utakuwa chini na hautazilalia nguo.

Tatu, nguo laini kama fulana, jinzi, nguo za ndani na hijabu za jezi ziviringishe kama mkeka. Kilichoviringishwa hakina pembe kali. Zipange chini, ziwe godoro.

Nne, kanzu. Kanzu ya mtu mzima ina urefu wa karibu sentimita 145, na begi lina takriban 55, kwa hiyo lazima ipinde mara mbili. Kazi yetu ni kuifanya ipinde kwa duara. Ilaze kitandani kifudifudi, rudisha mikono mgongoni, kunja pande mbili zikutane katikati. Weka taulo lililoviringishwa kwenye theluthi ya chini, pindisha juu yake, kisha weka fulana iliyoviringishwa kwenye theluthi ya pili, upindishe tena. Abaya hufungwa vivyo hivyo.

Tano, koti la suti. Geuza bega moja nje-ndani, ingiza bega la pili ndani yake, kisha likunje mara moja kwa urefu. Bitana ndiyo itakayokuwa nje, na mabega yatabaki na umbo lake. Shati lifungwe kifungo cha juu, cha kati na cha chini.

Sita, tenganisha tabaka kwa kitu kinachoteleza. Wasafiri wengi wa Ulaya hutumia mifuko ya plastiki. Kwetu njia hiyo haifai: Rwanda iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, Kenya 2017, Burundi ilitoa amri yake 2018, na Tanzania ikafuata 2019. Tumia karatasi nyembamba au kitenge chepesi. Kitenge kina faida zaidi, maana ukifika utajifunika nacho.

Saba, kofia. Ijaze kitambaa safi ndani, iweke juu kabisa au ndani ya kopo gumu.

Nane, acha nafasi kidogo. Begi linalofungwa kwa kukaliwa hugandamiza, na begi tupu huziacha nguo zitembee. Likifungika kwa mkono mmoja, limekaa sawa.

Mswala usiufanye kiini cha kupindishia kanzu. Utauhitaji Adhuhuri njiani, na kuutoa ni kubomoa kazi yote. Uweke mfuko wa nje. Msahafu uwe kwenye mfuko mdogo unaobaki nao mkononi, pamoja na pasipoti, simu na pawabenki. Ndege ikijaa, begi lako linaweza kuchukuliwa mlangoni na kupelekwa chini, na pawabenki hairuhusiwi kusafiri huko. Miski na mafuta viwe katika chupa zisizozidi mililita 100, ndani ya mfuko mmoja unaoonesha, usiozidi lita moja.

Ukifika

Fungua begi kabla ya kuoga. Kung'uta kila nguo, itundike. Ukitumia maji ya moto, tundika kanzu bafuni mbali na maji, mlango umefungwa, dakika kumi na tano. Mvuke utalegeza vifungo tulivyovisoma na uzito wa nguo utainyoosha. Pasipo maji ya moto, lowesha viganja, pitisha kwenye mikunjo, vuta pindo kidogo, iache ikauke ikiwa imetundikwa. Kwa wanaopanda basi kupitia Kobero kwenda Dar es Salaam, safari ya mchana na usiku, vaeni nguo ya njiani, na ya mkutano mbadilishe mkifika.

La mwisho

Turudi kwenye hadithi ya Ibn Mas'ud. Hadithi inayokuruhusu kupenda nguo nzuri ndiyo hiyo hiyo inayokukataza kuwadharau watu. Ukimwona mjumbe mwenzako kanzu yake imekunjamana, huenda amesafiri siku mbili kwa basi na ametoa kiti chake kwa mama mjamzito. Usimtazame juu chini. Mpe henga yako, mwoneshe bafu lilipo.

Maswali ya halaka: (1) Taja maadui watatu wa nguo begini na hatua inayomzuia kila mmoja. (2) Katika kisa cha Umar (r.a.), ni kitu gani kilichokataliwa na kipi hakikukataliwa? (3) Leteni begi moja na kanzu moja. Kila mmoja aifunge, iachwe saa mbili, kisha tuifungue pamoja.

Allah atujaalie wajumbe wema, ndani na nje. Wabillahi tawfiq.