Mradi Umefungwa, Sasa Wananidai Hela ya Kazi

Shangazi, mimi ni binti wa miaka 29, nina shahada ya maendeleo ya jamii. Kwa miaka 3 nilikuwa afisa ufuatiliaji na tathmini kwenye mradi wa VVU mkoani Shinyanga, chini ya shirika la ndani lililokuwa likipokea fedha za Wamarekani. Mwanzoni mwa 2025 tuliambiwa tusimamishe kazi, baadaye tukapewa barua za kuachishwa. Ofisi ilifungwa na mkurugenzi hapokei simu. Cheti cha utumishi sijapata mpaka leo.

Sasa naishi kwa kaka yangu Mwanza. Nimeomba kazi mpaka nimechoka. Akiba yangu niliimalizia kwenye nauli na malazi ya makongamano ya wadau, Dodoma na Arusha, kwa sababu niliambiwa kazi za mashirika hupatikana kwa kujuana. Nilirudi na mikoba yenye nembo, vyeti vya ushiriki na namba za simu za watu wasiojibu. Juzi nikapigiwa simu kwamba jina langu limepita kwenye shirika moja la kimataifa, nitume shilingi 280,000 za vipimo vya afya na mafunzo ya awali. Kaka anasema niachane na mashirika, niingie naye kwenye mitumba pale Mlango Mmoja. Nitume hiyo hela? Niende tena kwenye makongamano? Au sekta yenyewe ndiyo imekwisha?

Binti Aliyechoka, Mwanza

Pole sana, mwanangu. Hela usitume. Hata shilingi elfu kumi usitume.

Hukuitwa kwenye usaili, hukukaa mbele ya mtu yeyote akakuuliza kazi yako ya Shinyanga, halafu jina lako limepita vipi? Shirika makini halimtozi mwombaji kazi fedha. Umoja wa Mataifa umelisema hili wazi: hautozi ada katika hatua yoyote ya ajira, iwe maombi, usaili au mafunzo. Aliyekupigia anajua kwamba siku hizi kuna maelfu ya vijana kama wewe wenye shahada, uzoefu na kodi ya nyumba inayowadai, na anaishi kwa kuwawinda. Namba aliyotumia itume kwenda 15040, ndiyo inayopokea taarifa za utapeli wa simu. Ukitaka kulihakikisha jina la shirika alilolitaja, nenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri. Maafisa wa pale ndio wasaidizi wa Msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali katika ngazi ya wilaya, na kukuambia kama shirika limesajiliwa ni sehemu ya kazi yao.

Kabla hatujafika kwenye makongamano, kuna fedha yako ambayo hukuitaja kwenye barua, na ukimya huo umenitia wasiwasi. Je, mwajiri wako alikuwa akikukata michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF? Kama alikata na kupeleka, una haki ya fao la upotevu wa ajira. Mwanachama mwenye taaluma aliyechangia angalau miezi 18, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi 6. Barua ya kuachishwa unayo, basi ichukue pamoja na kitambulisho chako uende ofisi ya NSSF ya hapo Mwanza. Wenzako wengi waliopoteza kazi kwenye miradi hawajawahi kulisikia fao hili, wanadhani michango yote hulala hadi uzeeni.

Cheti cha utumishi nacho si hisani ya mkurugenzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti hicho ajira inapokoma. Ofisi kufungwa hakuiui bodi ya shirika, na majina ya viongozi yapo kwenye usajili. Waandikie wanabodi, nakala umpelekee afisa kazi wa mkoa. Wakati unasubiri, mwombe mratibu wa UKIMWI wa halmashauri mliyofanya naye kazi, au mganga mfawidhi wa kituo ulichokuwa ukikitembelea, akuandikie barua ya utambulisho inayoeleza ulichokifanya. Kwa wasomaji wengine walioachishwa karibuni na wanaona wameonewa, kumbukeni kwamba mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku hizo hupita haraka mtu akiwa bado analia.

Sasa nikujibu kuhusu sekta, na sitakuficha. Januari 20, 2025 Rais wa Marekani alisitisha misaada ya nje kwa siku 90. Kufika Machi 10, waziri wake wa mambo ya nje, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la Marekani, zimefutwa. Julai 1 mwaka huohuo, shirika hilo lililokuwapo tangu 1961 likaacha rasmi kuendesha misaada. Ajira nyingi za VVU, malaria, lishe na uzazi katika mikoa yetu zilikaa juu ya fedha hiyo. Kazi yako ya Shinyanga, kwa mshahara ule na gari lile, usiingoje. Wapo wanaokaa mwaka mzima wakisubiri mradi ufufuke, na mimi nawaambia wanajinyima.

Lakini kuna wafadhili wengine, kuna mashirika ya ndani yanayoishi kwa ruzuku ndogo, na kazi ya kuwafuata watu waliokatisha dawa bado ipo kwa sababu watu hao bado wapo. Kilichobadilika ni mahali ajira inapoanzia, na hapo ndipo makongamano yako yalipokwenda kombo.

Nafasi ya kazi katika shirika haianzi siku tangazo linapotoka. Huanza mfadhili anapotoa wito wa maandiko ya miradi. Shirika hukaa usiku na mchana kuandika andiko, na mara nyingi mfadhili hutaka lieleze ni akina nani wataongoza kazi, pamoja na wasifu wao. Fedha ikipatikana, watu hao ndio huwa wa kwanza kuingia ofisini; matangazo hufuata kwa nafasi zilizobaki. Kwa hiyo ukilalamika kwamba nafasi ilikuwa na mwenyewe, wakati mwingine ni upendeleo, nao upo na unaumiza. Mara nyingine ni kwamba kuna mtu alifahamika miezi 6 kabla yako kwa kazi anayoiweza. Huko ndiko kujuana kunakofaa kutafutwa, na hakupatikani kwa kukusanya namba za simu kwenye foleni ya chakula.

Chukua Wiki ya AZAKi, yaani wiki ya asasi za kiraia. Ilianza Dodoma, na tangu 2022 imefanyika Arusha zaidi ya mara moja. Ukumbini utawakuta wakurugenzi, mabalozi na viongozi wa Serikali. Kijana anamkimbilia mkurugenzi akishuka jukwaani, anampa wasifu, mkurugenzi anatabasamu na kumkabidhi msaidizi, na karatasi inaishia ndani ya mkoba. Huyo si wako. Wako ni yule afisa miradi aliyesimama nyuma ya meza ya banda tangu asubuhi, anayegawa vipeperushi na hakuna anayemuuliza swali la maana. Yeye ndiye atakayeandika sehemu ya ufuatiliaji katika andiko lijalo, na yeye ndiye anayeteseka takwimu zisipolingana.

Usimuulize kama wana nafasi. Muulize kazi. Mwambie: "Dada, nimeona mnafanya kazi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Taarifa zao mnazihakiki vipi kabla hazijaingia kwenye mfumo?" Akianza kujibu, nawe una la kumwambia, maana kazi hiyo uliifanya. Bila shaka kila mwezi ulikaa na muuguzi wa kituo cha tiba na matunzo, mkafungua mafaili ya wagonjwa (CTC2) moja baada ya jingine, mkalinganisha na kilichomo kwenye kompyuta, mkatoa orodha ya waliopitisha tarehe ya kuchukua dawa, mkampa mhudumu wa jamii awafuate majumbani, kisha ukarudi kuangalia wangapi walirejea na wangapi wamehama au kufariki dunia. Hiyo ni taaluma, mwanangu. Shirika la elimu linaihitaji kwa watoto walioacha shule, na mradi wa kilimo unaihitaji kwa wakulima waliokopeshwa mbegu. Iandike kwenye ukurasa mmoja: tatizo ulilolikuta, ulichofanya, kilichobadilika. Majina ya wagonjwa yasionekane popote, na takwimu iwe ile unayoweza kuitetea ukiulizwa. Ukurasa huo mtumie afisa yule siku mbili baadaye, ukimkumbusha mlichozungumza. Nimewaona vijana wakitoka hivyo kwenye banda wakiwa na kazi ya mkataba mfupi ya kukusanya takwimu, na mkataba mfupi ukazaa mrefu.

Nauli ya Arusha, hata hivyo, usiikope. Mkutano wenye faida kwako unaweza kuwa wa wilaya, kwenye ukumbi wa halmashauri, wenye watu thelathini, ambapo mashirika yanaeleza yanachofanya na nani anakifanyia wapi. Afisa maendeleo ya jamii anazo tarehe zake. Kila wilaya yenye konga ya watu wanaoishi na VVU ina viongozi wanaojua ni shirika gani limeingia na lipi limefunga virago, na wale wa Shinyanga kwa miaka 3 ulikuwa ukifanya nao kazi. Ukijikuta Dar es Salaam, mtandao wa jinsia wa TGNP pale Mabibo kwa miaka mingi imekuwa na semina za jinsia na maendeleo kila Jumatano, wazi kwa yeyote. Anakaa pale mama wa Manzese na mtafiti wa chuo kikuu kwenye duara moja, wakibishana kuhusu bajeti ya maji. Ukisimama ukachangia hoja yenye ushahidi kutoka Shinyanga, watu watakukumbuka bila kuwapa kadi.

Jifunze pia kuifuata fedha. Kanuni za 2018 zinalitaka shirika linalopata zaidi ya shilingi milioni 20 kuzitangaza hadharani fedha hizo na matumizi yake. Watoa ruzuku wa hapa nyumbani, kama Foundation for Civil Society na Mfuko wa Wanawake Tanzania, nao hueleza wamewapa ruzuku mashirika gani. Wengi huzipita habari hizo wakitafuta ukurasa wa matangazo ya kazi. Wewe zisome kwanza. Shirika la Misungwi au Sengerema lililopata ruzuku mwezi uliopita litahitaji mtu wa takwimu, huenda kwa nusu ya muda, na huenda halina hela ya kutangaza gazetini. Waandikie kabla hawajatangaza.

Utaambiwa pia ujitolee. Kujitolea si kubaya, ila kuwe na mipaka. Mkubaliane kwa maandishi: miezi miwili au mitatu, siku tatu kwa wiki, nauli na chakula juu yao, na barua mwishoni inayotaja ulichokifanya. Anayekutaka ufanye kazi za afisa kuanzia asubuhi hadi jioni kwa mwaka mzima bila hata nauli anakunyonya, hata kama shirika lake linatetea haki za wanyonge. Linganisha na Mpango wa Kujitolea wa Umoja wa Mataifa, ambao huwapa wanaojitolea posho ya kujikimu na bima. Nafasi zake za kitaifa zipo kwa Watanzania, na mtu wa uzoefu wako anastahili kuziomba.

Kuhusu kaka yako, mshukuru, kisha ukubali. Mitumba ya Mlango Mmoja ni kazi halali, inalisha familia nyingi za Mwanza, na kukaa ndani ukisubiri simu kunakuumiza kuliko unavyojua. Mwambie utakuwa naye siku za mnada na mwisho wa wiki, lakini asubuhi mbili za wiki ni za kutafuta kazi, wala asikuulize umeleta nini siku hizo. Hela ya mitumba ndiyo itakayokufanya ukatae mkataba mbovu, na wewe kwa ustadi wako wa daftari utajua ni robota lipi linalompa kaka hasara. Hukusomea kazi yenye jina la shirika mlangoni. Ulisomea kuwahudumia watu, na huko utarudi.

Wiki hii anza na NSSF, kisha barua ya wanabodi, kisha ule ukurasa mmoja. Ukiumaliza nitumie nikusomee.

Nanyi wakurugenzi na wanabodi mliolazimika kufunga ofisi, nawaandikia kwa heshima. Najua nanyi mmepoteza, na wapo waliolipa mishahara ya mwisho kwa fedha za mfukoni. Lakini kuna vijana mlio nao kwenye simu zenu ambao hawawezi kuthibitisha kwamba waliwahi kufanya kazi, kwa sababu mhuri umefungiwa kabatini. Fungueni kabati hilo mwezi huu. Tieni saini cheti cha kila mfanyakazi, kagueni kama michango yake ilifika NSSF, na pokeeni simu zao.