Datsun ya Safari na pikapu ya Mpanda: ipi ina faida?

Edgar Herrmann alishinda Safari Rally mwaka 1971 akiendesha Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta naye alishinda kwa gari la aina hiyo. Injini ya 240Z ilikuwa ya petroli, CC 2,393. Toyota Hilux ya kisasa ya dizeli, ile ya lita 2.4, nayo ina CC 2,393. Hata nguvu za farasi zinakaribiana: takriban 150 kwa Hilux, na kiasi hicho hicho kwa 240Z ya kawaida iliyouzwa madukani.

Mnunuzi anayeishia kwenye namba hizo ataona magari haya ni sawa. Lakini 240Z ilifikia nguvu ya kuvuta ya takriban Nm 198, tena injini ikizunguka mara 4,400 kwa dakika. Hilux hutoa hadi Nm 400 kuanzia mizunguko 1,600 tu. Kwa mfanyabiashara anayetoka Mpanda kwenda Karema na magunia kumi ya mahindi ya kilo 100, namba hiyo ndiyo inayopandisha mzigo kilimani. 240Z ilikuwa na viti viwili na uzito wa kama tani moja. Pikapu ingeweza kuibeba mgongoni, isipokuwa urefu ungekataa.

Hata hivyo, sokoni hesabu hugeuka. Januari 2020, 240Z ya mwaka 1971 iliuzwa kwa mnada Marekani kwa dola 310,000. Lilikuwa gari lililotunzwa vizuri mno, na bei hiyo si ya kila 240Z. Mali ya namna hii haiingizi chochote ikiwa imeegeshwa; faida hupatikana siku ya kuuza, na wanunuzi wenyewe wako mbali na Katavi.

Pikapu ni kinyume chake: bei hushuka tangu siku ya kwanza barabarani. Tuchukue mfano. Pikapu imenunuliwa kwa Sh 60 milioni, na baada ya miaka mitano inauzwa kwa Sh 30 milioni. Uchakavu ni Sh 6 milioni kwa mwaka. Ikifanya safari 120 kwa mwaka, kila safari inadaiwa Sh 50,000 kabla ya dizeli, matairi, bima na posho ya dereva. Wengi mjini Mpanda hukumbuka dizeli kwa sababu hulipwa papo hapo. Uchakavu hausemi kitu hadi gari linapouzwa, na hapo mwenye gari hugundua kwamba nauli aliyokuwa akitoza ilikuwa ikila mtaji wake.

Msimu wa mavuno hali ni nzuri, mizigo ni mingi. Masika safari hupungua. Zikiwa 60 tu kwa mwaka, deni la uchakavu kwa kila safari linafika Sh 100,000, na kwa magunia kumi hiyo ni Sh 10,000 kwa gunia.