Umbali na Muda wa Safari: Masasi hadi Newala

Mji wa Masasi umo katika tambarare yenye vilima vya mawe. Mji wa Newala uko mashariki yake, juu ya uwanda wa Makonde, karibu na ukingo mkali unaotazama bonde la Mto Ruvuma. Je, kuna umbali gani kati ya miji hiyo? Jibu hutegemea njia tunayoipima.

Jaribio

Vifaa: ramani ya Mkoa wa Mtwara yenye skeli, rula na uzi.

1. Kwa rula, pima mstari mnyofu kutoka Masasi hadi Newala. Tumia skeli kupata kilomita.
2. Laza uzi juu ya barabara, ukifuata kila kona. Kisha unyooshe uzi huo juu ya rula, upate kilomita zake.

Umeona nini? Mstari mnyofu, ambao ndio njia ya ndege, ni yapata kilomita 60. Uzi ni mrefu zaidi. Barabara haipandi uwanda wima kama ngazi. Huzunguka, ili mwinuko uwe wa polepole na injini iweze kuvuta mzigo. Kwa njia hiyo nguvu inayohitajika hupungua, lakini umbali huongezeka.

Kukokotoa muda

Umbali peke yake hautuambii tutafika lini. Ni lazima tujue pia kasi ya chombo.

Muda = umbali ÷ kasi

Mfano: Kutoka Dar es Salaam hadi mjini Mtwara ni yapata kilomita 400 kwa ndege, na yapata kilomita 560 kwa barabara. Ndege yenye kasi ya kilomita 400 kwa saa itatumia saa 1. Basi lenye kasi ya kilomita 70 kwa saa litatumia saa 8.

Kwa nini tukokotoe?

Chanjo nyingi hutunzwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Sentigredi. Mwuguzi anayezisafirisha huziweka katika kisanduku chenye vipande vya barafu. Barafu haiyeyuki kwa kuhesabu kilomita. Huyeyuka kwa kadiri saa zinavyopita. Barafu ikiisha njiani, chanjo huharibika, na mtoto atakayepewa hatakingwa na ugonjwa. Kwa hiyo mwuguzi hukadiria muda wa safari kwanza, ndipo apange barafu.

Maswali

1. Tuseme barabara ya Masasi hadi Newala ina kilomita 75. Gari lenye kasi ya kilomita 50 kwa saa litatumia muda gani?
2. Mvua imenyesha, na kasi ya gari hilo imepungua hadi kilomita 25 kwa saa. Litatumia saa ngapi?
3. Umbali haukubadilika. Kwa nini basi mwuguzi atahitaji barafu zaidi siku ya mvua?
4. Kadiria umbali na muda wa kwenda kwa miguu kutoka shuleni kwenu hadi zahanati iliyo karibu.