Hedhi ya mwanariadha ikikoma, chunguza sahani yake

Majuzi mama mmoja kutoka upande wa Nyamira alimleta binti yake kwenye kliniki yangu. Msichana huyo wa kidato cha tatu hukimbia mita 3,000, na mfupa wa mguu chini ya goti ulikuwa umemuuma kwa majuma sita. Nilipomuuliza kuhusu hedhi alimtazama mamake kwanza, kisha akasema hajaiona tangu muhula uliopita. Aliambiwa na anayemfunza mbio kuwa hiyo ni dalili ya mazoezi kuiva.

Si kweli, msomaji. Kwanza hakikisha hakuna mimba; kwake haikuwepo. Kisha uliza anakula nini.

Mbio huchukua fungu lake la chakula. Kinachobaki ndicho cha kuendesha moyo, kujenga mifupa na kuleta hedhi. Kikiwa kidogo mno, mwili hubana matumizi, na uzazi huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kusimamishwa. Homoni ya estrojeni hupungua, na kwa kuwa ndiyo hulinda mifupa, mifupa hudhoofika na kupata nyufa. Picha ya eksirei ya majuma ya mwanzo huweza kuukosa ufa huo. Tangu 2014, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imeihesabu hali hii kuwa upungufu wa nishati kwa wanamichezo. Si lazima msichana awe amekonda.

Huyu wangu alitoka nyumbani na kikombe cha chai tu, akala githeri kidogo saa saba, akakimbia jioni, ndipo akala tena usiku.

Huku Gusii hatuna udhuru. Gramu 100 za unga wa wimbi zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi; mahindi hayafiki hata karibu. Kuna chinsaga, rinagu, maharagwe, omena, maziwa. Ndizi mbili na kikombe cha maziwa mara tu baada ya mazoezi humfaa kuliko soda. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji takriban miligramu 15 za madini ya chuma kwa siku, kwa sababu hupoteza damu kila mwezi. Na hapa nitawaudhi wakulima wenzangu: chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia madini hayo yasiingie mwilini. Ale kwanza, chai ifuate baada ya saa moja. Chungwa au pera huyasaidia yaingie.

Hellen Obiri, mzaliwa wa Kisii, alijifungua mtoto mwaka wa 2015, na 2016 akatwaa nishani ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki za Rio. Baadaye alishinda Boston Marathon mara mbili, 2023 na 2024. Mwili unaozaa si adui wa kasi.

Hedhi ikikosekana miezi mitatu, au isipoanza kufikia miaka 15, mlete kwa daktari. Vidonge vya kupanga uzazi huleta damu, lakini havitibu njaa ya mifupa.

Nimemsimamisha mbio kwa majuma manane, na asubuhi ni uji wa wimbi wenye maziwa. Mamake aliuliza kama atawahi mashindano ya muhula huu. Nilijibu hapana, na msichana akalia.