KASKAZI NA KUSI: SOMO KWA MSAFIRI WA PWANI

Mpenzi msomaji, wahenga walinena: usisafirie nyota ya mwenzio. Mimi niliisafiria, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Ilikuwa likizo ya Aprili. Binamu yangu alikuwa akiolewa Faza, kisiwani Pate. Mimi mtoto wa bara nilikuwa nimemsikia mwanafunzi mwenzangu akiisifu bahari ya Lamu, eti imetulia kama maji ya karai. Sikumwuliza alikwenda mwezi gani! Tulipofika Lamu mvua ilikuwa ikinyesha na upepo ukivuma kwa kishindo. Nahodha alitazama mawingu, akatikisa kichwa. "Mwanangu, leo hatoki mtu. Arusi zitakuwapo nyingine, roho ni moja." Tulilala Lamu siku mbili. Faza tulifika masufuria yakioshwa. Yule mwenzangu, kumbe, alikwenda Desemba!

Basi hebu tujifunze pamoja.

1. Pepo mbili

Pwani yetu hutawaliwa na pepo mbili zinazopokezana zamu. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takribani Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka upande wa kusini, takribani Mei hadi Septemba. Kati yao huwa kuna kipindi cha pepo zisizo na msimamo, ambazo mabaharia huziita maleleji.

Je, chanzo ni nini? Nchi kavu hupata moto upesi na kupoa upesi kuliko bahari. Mwezi wa Juni na Julai bara la Asia huwa na joto kali. Hewa yake hupanda juu, nayo hewa ya Bahari ya Hindi hukimbilia kuijaza nafasi hiyo. Hilo ndilo kusi, ambalo huvuka ikweta na kupeleka mvua Bara Hindi. Ifikapo Desemba Asia imepoa, hewa yake ni nzito, nayo hurudi kwetu kama kaskazi.

Mabaharia waliujua mpango huu tangu zamani. Majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalikuja kwa kaskazi, yakarudi kwa kusi. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na mwelekezi aliyeijua njia, akafika Calicut tarehe 20 Mei. Lakini kurudi hakungoja kaskazi ikomae. Aliondoka Bara Hindi mapema Oktoba, akafika Malindi Januari 1499. Njiani mabaharia wake wengi walikufa kwa kiseyeye. Bahari ni ile ile, tofauti ni mwezi!

2. Misimu minne

(a) Kiangazi (Desemba hadi Machi): jua kali na mvua haba. Joto la mchana Mombasa hufikia nyuzi 32 hivi za sentigredi.
(b) Masika (Machi hadi Mei): mvua ndefu. Mjini Mombasa, Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi.
(c) Kipupwe (Juni hadi Agosti): baridi kidogo, manyunyu ya hapa na pale, na kusi kali baharini.
(d) Vuli (Oktoba hadi Desemba): mvua fupi. Usidanganywe na jina! Mwishoni mwa 1997 mvua za El Niño ziliharibu barabara na madaraja mengi nchini.

3. Likizo ipi?

Aprili: kama huna dharura, ahirisha. Ukilazimika kwenda, beba mwavuli, funga vitabu vyako ndani ya mfuko usiopitisha maji, na utenge siku mbili za ziada. Uliza pia hali ya barabara ya Garsen kwenda Lamu, kwa kuwa Mto Tana ukifurika huikata.

Agosti: hewa ni nzuri kwa kutembelea mahali pa kale kama Gedi na Fort Jesus. Beba sweta ya usiku. Safari ya mashua bahari kuu, muulize nahodha kwanza.

Desemba: kaskazi inaanza na bahari inatulia. Beba kofia na maji ya kunywa. Mvua za vuli huenda zikachelewa kuisha, kwa hivyo usicheke anayebeba mwavuli.

Mwanafunzi mwenzangu, utabiri wa hewa redioni usikilize, lakini nahodha akisema "leo hapana", usibishane naye. Mimi nilibishana naye nusu saa nzima, na leo namshukuru.

Maswali ya kujipima
1. Kwa nini kusi huvuma wakati Asia ina joto?
2. Jahazi la kwenda Bara Hindi lingeng'oa nanga mwezi gani? Eleza.
3. Mwulize mzee mmoja wa kwenu majina ya misimu. Yanalingana na haya?