DOLE GUMBA LAKO NI SAINI YAKO



Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati huo Bariadi ilikuwa upande wa Mkoa wa Shinyanga. Mkulima asiyejua kuandika, alipouza pamba, alichovya dole gumba kwenye wino akaligandamiza kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Karani akiandika pungufu, mkulima hakujua. Tulijifunza kusoma ili tuachane na mambo hayo.

Leo dole gumba limerudi. Tangu tarehe 1 Mei 2019, laini za simu husajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya Kitambulisho cha Taifa, yaani namba ya NIDA. Safari hii hakuna wino. Hata sisi tunaojua kusoma tunatia dole bila kuona kilichoandikwa. Hapo ndipo mwizi anapopita.

WIZI HUU HUFANYIKAJE?

Tuchukue mfano. Mama mmoja anakwenda mnadani kununua laini kwa wakala wa mwavuli. Anataja namba yake ya NIDA, anaweka kidole. Wakala anamwambia, "Haijasoma mama, weka tena." Anaweka tena.

Huenda ni kweli haijasoma. Mikono yetu imesuguliwa na jembe, na mara nyingine mashine haioni mistari ya kidole. Lakini wakala mwizi naye husema hivyo hivyo, kumbe laini ya kwanza imekwisha kusajiliwa. Dole la pili linasajili laini nyingine. Hiyo anaificha, kisha anamwuzia tapeli.

Tapeli anaitumia kutuma ujumbe: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Mtu aliyekuwa anataka kumtumia ndugu yake fedha za pamba anadanganyika, anatuma huko. Polisi wakitafuta mwenye laini, wanakuta jina la yule mama. Yeye hajaiba hata senti moja, ila jina lake ndilo lililoiba.

TUFANYE NINI?

1. Tukague laini zetu. Piga *106# kwenye simu yako, hata kama ni kitochi, ufuate maelezo. Utaona laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda na kitambulisho chako kwenye duka la kampuni ya simu inayohusika, useme: "Hii si yangu, ifuteni." Kagua tena kila baada ya kusajili laini.

2. Tukiambiwa "weka tena", tuulize kwanza. Mwambie wakala akuonyeshe mashine yake, usome mwenyewe. Akikataa, ondoka.

3. Namba ya siri ni ya mtu mmoja. Usimtajie wakala, wala mtoto wa jirani anayekusaidia kutoa pesa. Mtu akikupigia akisema anatoka kampuni ya simu na kuitaka namba hiyo, huyo ni tapeli. Kata simu.

4. Tuangalie kompyuta za watu. Tunapopeleka vyeti vya watoto steshenari kuombewa mkopo wa masomo au kazi, picha za vyeti hubaki ndani ya kompyuta ile. Kabla ya kuondoka, mwambie mwenye duka azifute mbele yako. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Anayeipata amejua mengi.

5. Namba ya tapeli tuipeleke 15040 kwa ujumbe wa simu. Tukiufuta ujumbe wake na kunyamaza, kesho atampata jirani.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anayechukua taarifa zako anatakiwa azitumie kwa kazi ile aliyokueleza. Kwa hiyo kuuliza "Unaitakia nini namba yangu?" si ukorofi. Ni haki yako.

Kusoma kulituondoa kwenye wino wa karani. Sasa tukutumie kusoma huko huko kwenye kioo cha simu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini jina la yule mama lilikutwa na polisi?
2. Pigeni *106# kila mmoja. Je, laini zote mnazijua?
3. Mtawasaidiaje wazee wa kijijini wasiojua kusoma wakague laini zao bila kutaja namba zao za siri?