Somo la Pili: Uteuzi wa Mwanafunzi wa Kiswahili Mwenye Nafasi Finyu

Utangulizi

Mchagua nazi, walinena wahenga, hupata koroma. Methali hii huelekezwa mara kwa mara kwa mwanafunzi aliyetamani sheria au uuguzi, kisha akaitwa kusomea ualimu wa Kiswahili: apokee alichopewa, ashukuru. Makala haya yanahoji mtazamo huo. Yanashikilia kwamba hata pale kozi inapokuwa imekwisha kuamuliwa, uamuzi mmoja mzito husalia mikononi mwa mwanafunzi, nao ni uteuzi wa somo la pili la kufundishia.

Mipaka ya Uteuzi

Nchini Kenya, wanafunzi huteuliwa kujiunga na vyuo kupitia KUCCPS, shirika lililochukua kazi ya Bodi ya Pamoja ya Udahili kufuatia Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Gredi ya wastani ya C+ katika mtihani wa KCSE humfungulia mtahiniwa lango la chuo kikuu, lakini ushindani wa alama za klasta ndio huamua chumba atakachoingia. Mtahiniwa wa Molo, Subukia au Rongai aliyeambulia C+ hujikuta na vyumba vichache, na ualimu wa masomo ya sanaa huwa kimojawapo.

Akifika Njoro katika Chuo Kikuu cha Egerton, au Kabarak, au Laikipia, hupata faraja moja. Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Hivyo kila shule ya upili ya umma ilihitaji mwalimu wake. Faraja hiyo, hata hivyo, huweza kumpumbaza akadhani kwamba Kiswahili kitambeba peke yake.

Uzito wa Somo la Pili

Tume ya Huduma za Walimu, TSC, humsajili mwalimu wa shule ya upili kwa masomo mawili. Kwa kanuni ya jumla, aliyepitia KCSE hutakiwa kuwa na wastani wa C+, pamoja na C+ au zaidi katika kila mojawapo ya masomo hayo mawili.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi ana B+ ya Kiswahili, C+ ya Historia na C ya Jiografia. Anaipenda Jiografia, na rafiki zake wote wameichagua. Naye anajiandikisha pamoja nao. Anasoma miaka minne, anafanya mazoezi ya kufundisha, anafuzu vyema. Anapoomba usajili, ile C ya kidato cha nne inamkabili upya, kwa kuwa shahada haiifuti. Hapo hulazimika kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kibinafsi, njia ambayo nayo inafungika, maana kundi la mwisho la 8-4-4 limepangiwa KCSE ya mwaka 2027. Lau angechukua Historia, asingefika hapo.

Aidha, somo la pili humpambanua mwalimu. Walimu wawili wa Kiswahili wanapoomba nafasi moja, mwalimu mkuu huangalia pengo jingine analoweza kuliziba.

Hitimisho

Imebainika kwamba ufinyu wa nafasi hauondoi wajibu wa kuteua; huongeza uzito wa machache yaliyosalia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana budi kuweka cheti chake cha KCSE mezani kabla ya kujaza fomu ya masomo, na kujiuliza: Je, gredi inaruhusu? Je, somo hili linahitajika shuleni? Je, nitaweza kulifundisha kwa moyo? Wahadhiri na vyama vya Kiswahili navyo viwape wageni hawa ushauri katika juma la kwanza, wakati mabadiliko yangali yakiwezekana. Tahadhari kabla ya athari.